Uchovu usioisha: Damu hupimwa, tezi ya shingoni husahaulika

Juni na Julai kila mtu Arusha anavaa sweta. Ukungu unashuka kutoka Mlima Meru, akina mama wa soko la Ngaramtoni wanapanga mboga wakiwa wamejifunga shuka, na dereva wa bodaboda anavaa jaketi juu ya jaketi. Msimu huo ni vigumu kumtambua mtu anayesikia baridi kwa sababu ya ugonjwa. Anaonekana Januari, jua likiwa kali na wenzake wakitafuta kivuli, yeye bado amejifunika kitenge mabegani na mikono yake ni ya baridi.

Mara nyingi mtu huyo ana mengine pia. Anaamka amechoka kama aliyelima usiku kucha. Choo kinapita siku tatu bila kupatikana. Nywele zinabaki kwenye kitana, ngozi imekauka hata akipaka mafuta, uzito unaongezeka ingawa hali chakula kingi. Kama ni mwanamke, hedhi inakuja nzito na ndefu. Akienda zahanati anapimwa malaria, mkojo na wingi wa damu. Malaria hakuna, damu imepungua kidogo. Anaandikiwa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa ale mboga za majani. Mwezi unaofuata anarudi na uchovu uleule, anaongezewa vitamini. Inaweza kupita miaka kabla mtu hajamwambia apime tezi ya thairoidi.

Siwalaumu wahudumu wa zahanati. Upungufu wa damu ni tatizo kubwa kweli nchini, na kipimo cha thairoidi hakipo katika vituo vingi vidogo. Lakini wiki hii nataka tuzungumzie hilo pengo, kwa sababu mgonjwa wa Leguruki au Oldonyosambu anaweza kuishi vizuri kabisa na ugonjwa huu hata kama daktari bingwa wa homoni yuko mbali. Anahitaji kipimo kimoja sahihi, kidonge kimoja cha kila siku, na kujua ni vitu gani vinavyokiharibia kidonge hicho kazi. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba mojawapo ya vitu hivyo ni vidonge vilevile vya damu na vitamini walivyokuwa wakipewa.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Inatengeneza homoni inayoamua mwili uende kasi gani: moyo upige vipi, utumbo usukume chakula vipi, joto lizalishwe kiasi gani. Homoni ikipungua, kila kitu kinakwenda polepole. Ndiyo maana dalili zake zimetawanyika mwili mzima na kila moja inaweza kusingiziwa jambo jingine. Uchovu ni wa kazi, uzito ni wa uzazi, kusahau ni kwa umri, huzuni ni ya maisha magumu. Wanawake hupata tatizo hili mara kadhaa zaidi ya wanaume, na wengi hulipata katika umri ambao tayari wana sababu elfu moja za kuchoka.

Upungufu wa damu na upungufu wa homoni hii ni kama ndugu wa tumbo moja. Homoni ikipungua, uboho wa mifupa hutengeneza damu taratibu, na hedhi nzito humwaga hata hiyo kidogo iliyopo. Kwa upande mwingine, kimeng'enya kinachotumiwa na tezi kutengeneza homoni yake kinahitaji madini chuma ili kifanye kazi, hivyo mtu aliyeishiwa chuma anaidhoofisha tezi pia. Kwa hiyo anayeambiwa ana damu pungufu hajadanganywa. Ila kama ametumia vidonge vya damu kwa miezi mitatu bila kukosa, na uchovu na baridi viko palepale, swali linalofuata kwa daktari liwe ni thairoidi.

Chumvi, magadi na maji ya mlimani

Watu wazima wa mikoa ya milimani wanakumbuka marovu, ule uvimbe wa shingo. Udongo wa maeneo ya miinuko huoshwa na mvua kwa karne nyingi, madini joto yanakwenda na maji, na mazao yanayoota hapo yanakuwa na madini joto kidogo. Bila madini hayo tezi haiwezi kutengeneza homoni, nayo hujitanua ikijaribu kukamata kila chembe inayopita.

Tanzania ililichukulia jambo hili kwa uzito. Kuanzia mwaka 1986, katika wilaya zilizokuwa na marovu mengi, watu waligawiwa vidonge laini vya mafuta yenye madini joto, hasa wanawake walio katika umri wa kuzaa na watoto. Katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni za kutaka chumvi yote ya kula iwekwe madini joto. Matunda ya vidonge vile yalipimwa baadaye. Wachumi watatu, Erica Field, Omar Robles na Máximo Torero, walichapisha utafiti mwaka 2009 wakilinganisha watoto ambao mama zao walikuwa wamelindwa na vidonge hivyo wakati wa ujauzito na wale ambao mama zao hawakulindwa. Waliolindwa walifika mbele zaidi shuleni, kwa kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka wa masomo, na wasichana walinufaika zaidi. Mzazi anayebabaika na matokeo ya darasa la nne anaweza asifikirie chumvi, lakini ubongo wa mtoto huanza kuihitaji akiwa tumboni.

Kwa hiyo angalia chumvi ya nyumbani. Chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto ndiyo ya kununua. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni, na ile inayochotwa kwenye maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa, mara nyingi haijawekwa kitu. Hata ile nzuri inaharibika ikiachwa kwenye bakuli wazi karibu na jiko au kwenye unyevu. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na itie kwenye mboga chakula kinapokaribia kuiva. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Ni kiasi kidogo, na chumvi iliyowekwa madini joto vizuri inakitoa bila kuizidisha.

Magadi ni habari nyingine. Makande na kiburu vinaiva haraka ukitia magadi, na mila haifi kwa tangazo la gazeti. Lakini magadi siyo chumvi. Hayana madini joto yaliyoongezwa, na mengi ya ukanda huu yana floridi nyingi.

Hapo ndipo linapokuja swali la maji. Yeyote aliyekulia Maji ya Chai au Ngarenanyuki anaijua rangi ya kahawia kwenye meno. Miamba ya volkano ya Meru inatoa floridi, na baadhi ya chemchemi zina kiwango kilicho mara kadhaa juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Je, floridi ndiyo inayoharibu thairoidi? Zipo tafiti duniani zinazohusisha hayo mawili, lakini wanasayansi hawajafikia mwafaka, na mimi sitamwambia mgonjwa kwamba tezi yake imekufa kwa sababu ya kisima. Madhara ya floridi kwa meno na mifupa ya watoto hayana ubishi, na hayo yanatosha kuwa sababu ya kutafuta maji salama. Kuchemsha hakuondoi floridi, kunaiongezea nguvu kwa sababu maji hupungua na yenyewe inabaki. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floridi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mwenye mtoto mdogo anayekunywa maji ya kisima asione taabu kwenda kuuliza.

Tahadhari moja kabla sijaendelea. Mtu mzima aliyeambiwa homoni yake imepungua asikimbilie kula chumvi zaidi. Siku hizi sehemu kubwa ya wagonjwa duniani tezi zao zinashambuliwa na kinga ya mwili wao wenyewe, hali iliyoelezwa mwaka 1912 na daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto. Kwa hao madini joto ya ziada hayaponyi, na yanaweza kuzidisha tatizo. Hili linahusu pia unga na vidonge vya mwani vinavyouzwa kama dawa ya thairoidi. Mwani una madini joto mengi na kiasi chake hubadilika kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, hivyo anayeunywa hajui amekunywa kiasi gani.

Kipimo kimoja, safari moja

Kipimo cha kuanzia kinaitwa TSH. Ni damu ya mkononi, hakihitaji kufunga kula. TSH ni amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye tezi. Tezi ikizembea, ubongo unapiga kelele zaidi, na TSH inapanda. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4 kuwa kawaida, ila soma kiwango kilichochapwa pembeni ya jibu lako. TSH ikiwa juu, kinafuata kipimo cha homoni yenyewe, T4. Picha ya shingo haihitajiki kwa kila mtu, inahitajika pale daktari anapogusa uvimbe. Ikiwa TSH imepanda kidogo tu na T4 iko sawa, mara nyingi busara ni kurudia baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuanza dawa ya maisha.

Kwa anayetoka mbali, nauli ndiyo gharama ya kwanza. Kabla ya kupanda gari kwenda mjini, piga simu au mtume ndugu aliye mjini aulize hospitali na maabara mambo matatu: kipimo cha TSH kipo wiki hii, bei yake ni kiasi gani, na kama bima yako inakubaliwa. Uliza pia kama kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kuchukua sampuli na kuituma. Wenye matatizo magumu zaidi, kama uvimbe unaokua haraka, moyo wenye hitilafu au mtoto mchanga, hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru au KCMC mjini Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi.

Usisahau kusema unatumia vitamini gani. Vidonge vya kukuza nywele na kucha vinavyouzwa sana kwenye maduka ya vipodozi vina bayotini, na bayotini nyingi huvuruga mashine za kupima homoni, TSH ikasomeka chini kuliko ilivyo. Sasa fikiria: mwanamke nywele zinakatika kwa sababu ya thairoidi, ananunua bayotini ya kuzikuza, anakwenda kupima, jibu linatoka zuri. Viache siku mbili au tatu kabla ya kipimo.

Walio na historia ya upasuaji wa rovu nao wajitazame. Mtu akitolewa tezi yote hana kiwanda tena, atahitaji kidonge maisha yake yote. Wapo waliorudi kijijini na kovu zuri shingoni na karatasi ya hospitali iliyopotea, na uchovu uliofuata wakaupa majina mengine. Kama wewe au bibi yako mna kovu la namna hiyo na hakuna anayekunywa dawa, kapimeni.

Kidonge na chai havipendani

Dawa ni levothairoksini, kwenye boksi utakuta imeandikwa Levothyroxine. Ni homoni ileile ambayo tezi ingeitengeneza. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na wengi wanahitaji kidonge kimoja tu kwa siku. Angalia maandishi ya boksi: maikrogramu 50 na miligramu 0.05 ni kitu kimoja, maikrogramu 100 na miligramu 0.1 ni kitu kimoja. Watu wameshachanganyikiwa hapo na kunywa mara mbili, au nusu. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa dozi ndogo sana na kupandishwa taratibu, kwa hiyo dozi ya jirani siyo yako.

Kidonge hiki kinadeka. Kinataka tumbo tupu na maji matupu. Ukikinywa saa 12 asubuhi, chai isubiri hadi saa 12 na nusu, na ikifika saa 1 ni bora zaidi. Chai ya maziwa, kahawa, na hasa uji wa lishe uliotiwa soya, hukizuia kupenya kwenye damu. Nausema uji kwa makusudi, kwa sababu ndio mgonjwa mchovu anapewa kwanza na familia inayompenda. Ale uji, lakini usiandamane na kidonge. Anayeshindwa asubuhi kwa sababu anaamka na kukimbilia ng'ombe au daladala ya kwanza, akinywe usiku kabla ya kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula. Waislamu katika Ramadhani hupata nafuu kwa utaratibu huo wa usiku.

Vidonge vya damu vyenye madini chuma, vidonge vya kalsiamu na dawa za kutuliza kiungulia zinazotafunwa, hivi vinakishika kidonge cha thairoidi tumboni na kukitoa nje nacho. Viachanishwe kwa saa 4. Mpango rahisi ni huu: cha thairoidi alfajiri, cha damu mchana au jioni pamoja na chungwa au embe, mbali na chai. Mgonjwa anayemeza vyote kwa glasi moja saa 1 asubuhi anaweza kuonekana hasikii dawa, dozi ikapandishwa, kisha siku vidonge vya damu vikiisha moyo unaanza kwenda mbio kwa sababu sasa dozi imekuwa kubwa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa huifanya homoni imalizwe haraka mwilini. Ukianza au ukiacha dawa hizo, TSH irudiwe.

Kuhusu supu ya mizizi na magome, najua mahali ninapoandikia. Anayekunywa supu ya kiloriti ainywe jioni, kidonge kimeshafanya kazi yake, na amwambie daktari bila aibu. Ninachokikataa ni kuacha kidonge. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha Sh500, na baadhi yao waliacha dawa zao za kila siku kwa kuamini wamepona. Anayeacha kidonge cha thairoidi hapati onyo haraka. Homoni hupungua nusu kwa takriban siku saba, hivyo wiki ya kwanza anajisikia vizuri na kuamini alikuwa hahitaji dawa. Uchovu unarudi wiki kadhaa baadaye.

Tabia hiyohiyo ya dawa ndiyo inayomsaidia mtu wa mbali. Ukisahau siku moja, hakuna la kuogopa, kinywe ukikumbuka tumbo likiwa tupu. Ukiishiwa kwa siku mbili tatu kwa sababu barabara imekatika, hutadhurika, lakini usizoee. Nunua boksi jingine wakati la kwanza limebaki na vidonge vya wiki mbili. Kama duka lina za maikrogramu 100 tu na wewe unatumia 50, muulize mfamasia kuhusu kukigawa kidonge, usibadilishe mwenyewe kwa kubahatisha. Kihifadhi mahali pakavu na penye ubaridi, siyo dirishani, siyo juu ya kabati la jikoni.

Baada ya kuanza dawa au kubadilisha dozi, TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8. Mapema zaidi ni kupoteza fedha, kwa sababu mwili haujatulia. Jibu likishakaa sawa, inatosha mara moja au mbili kwa mwaka. Chukua daftari la kawaida la shule na uandike tarehe, dozi, aina ya kidonge, jibu la TSH, uzito na mapigo ya moyo. Daktari unayemkuta mara moja kwa mwaka, na huenda ni mpya kila mara, atafanya kazi nzuri zaidi akiwa na kurasa mbili za daftari hilo kuliko nusu saa ya kukumbuka. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukosa usingizi na kukonda ni dalili kwamba dozi imezidi. Mgonjwa aliyeacha dawa akiwa amelegea, mwili wa baridi, anasinzia na kuamshwa kwa shida, huyo apelekwe hospitali usiku huohuo.

Vitamini ipi, kwa nani

Kati ya vitamini zote ninazoulizwa, ninayoiogopa zaidi ikisahaulika ni B12. Inatokana na nyama, samaki, mayai na maziwa. Wanaokula loshoro yenye mtindi na nyama mara kwa mara hawana shida nayo kwa upande wa chakula. Walio hatarini ni wasiokula kabisa vitu vya mifugo, iwe kwa imani au kwa kukosa fedha, wazee, wanaotumia metformini ya kisukari kwa miaka, na wanaomeza omeprazo kila siku kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Tena, mtu ambaye kinga yake inashambulia thairoidi ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kinga hiyo kushambulia pia chembe za tumboni zinazosaidia kufyonza B12. Huyo hata akila ng'ombe mzima haitamsaidia, anahitaji sindano, ile nyekundu, kwa ratiba ya daktari.

Hatari yake iko hapa. Upungufu wa B12 na upungufu wa asidi ya foliki huleta damu pungufu ya aina moja. Ukimpa mtu foliki peke yake, damu inapanda, kila mtu anafurahi, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12. Ganzi miguuni, kuyumba gizani, kusahau. Uharibifu huo ukikaa muda mrefu haurudi wote. Mwenye damu pungufu na ganzi aseme yote mawili kwenye chumba cha daktari, asiiweke ganzi kwa siku nyingine.

Vitamini D inauzwa sana mjini sasa, na hapa nina maoni yangu. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha ya asili hapa kaskazini. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya 50 ambayo wataalamu wengi huichukua kuwa mstari wa upungufu. Mkulima wa Akheri au mfugaji wa Oldonyosambu anayeshinda nje hana haja ya kulipia vidonge hivyo. Wanaohitaji kufikiriwa ni anayeshinda ofisini au dukani tangu asubuhi hadi usiku, anayejifunika mwili wote, mzee asiyetoka kitandani, na mtoto mchanga anayefungwa mablanketi ndani msimu mzima wa baridi. Mtoto huyo atolewe kwenye jua la asubuhi, miguu na mikono ikiwa wazi, kwa muda mfupi kila siku. Akianza kutembea na matege yanazidi badala ya kupungua, apelekwe hospitali, kwa sababu yanaweza kutokana na vitamini D, kalsiamu au floridi, na tiba si moja.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, matone ya vitamini A hutolewa bure Juni na Desemba pamoja na dawa ya minyoo. Usiyakose kwa sababu ya siku ya soko. Na kwenye unga, soma mfuko: kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wasindikaji wakubwa waongeze chuma, zinki, foliki na B12 kwenye unga wa ngano na mahindi. Unga wa mashine ya mtaani mara nyingi hauna nyongeza hiyo. Mnafu uliopikwa na nyanya na dagaa pembeni unasaidia sana, na kabichi au sukuma iliyoiva haina madhara kwa tezi ya mtu anayetumia chumvi yenye madini joto. Mgonjwa asinyimwe mboga kwa sababu ya alichosikia.

Mjamzito na mtoto mchanga

Mwanamke anayetumia levothairoksini akigundua ni mjamzito, kidonge asikiache hata siku moja. Mtoto hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo, na mahitaji hupanda kwa karibu robo au zaidi. Awahi kituoni wiki hiyohiyo aongezewe dozi, na apimwe TSH kila baada ya wiki 4 hadi katikati ya ujauzito. Kliniki atapewa vidonge vya damu vyenye chuma na foliki. Avinywe, lakini kwa zile saa 4 za kuachana.

Wapo watoto wanaozaliwa bila tezi inayofanya kazi. Katika nchi zinazopima kila mtoto, hupatikana mmoja kati ya 2,000 na 4,000. Hapa kwetu hakuna utaratibu wa kitaifa wa kumchoma kila mchanga kisigino na kumpima, hivyo jicho la mama na bibi ndilo kipimo cha kwanza. Mtoto huyu haonekani mgonjwa. Ni mpole mno, analala sana, ananyonya kwa uvivu, halii, na akilia sauti inakwaruza. Macho ya njano yanapita wiki mbili. Choo ni kigumu, ngozi ya baridi, ulimi unaonekana mkubwa kwa mdomo wake, kitovu kimetoka nje. Kitovu peke yake kisikutishe, watoto wengi wanacho. Ukiona dalili tatu nne pamoja, usisifiwe kwamba una mtoto mtulivu. Mwambie muuguzi kwa maneno haya: naomba mtoto apimwe TSH. Akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, ubongo wake kwa kawaida hukua kama wa wenzake. Kila mwezi unaopita bila dawa unapunguza nafasi hiyo.

Dawa ya mtoto ni kidonge hichohicho, kwa dozi atakayopanga daktari kwa uzito wake. Kinasagwa kati ya vijiko viwili safi, kinachanganywa na maziwa kidogo ya mama yaliyokamuliwa au maji yaliyochemshwa na kupoa, na anapewa hapohapo kwa kijiko au bomba la sindano lisilo na sindano. Usikitie kwenye chupa nzima, kwa sababu akibakiza maziwa amebakiza dawa. Akitapika mara tu baada ya kumeza, mpe tena.